Unga wa Wifi

Makerita hakuwa na ugomvi na unga wenyewe. Nalisema hili mapema, maana hapa kisiwani kwetu Savai'i watu wakishasikia mawifi wamekorofishana hudhani ni mambo ya sufuria na kijiko. Unga ni unga tu. Kilichomchoma ni sauti ya kaka yake.

Hamuijui sauti ya Etuati? Basi hamjahudhuria harusi. Zawadi zinapopangwa uani, nguruwe wa kuchoma huku, masanduku ya samaki wa kopo kule, lazima mtu asimame katikati na kuzitangaza moja moja: ni nini, ni ngapi, zimetoka kwa nani. Mtu huyo kwa kijiji chetu ni Etuati, mwaka wa ishirini huu. Sanduku moja la samaki akilitangaza yeye, utadhani kaletwa nyangumi. Ana utani, ana mbwembwe, na ana pumzi. Watu wa vijiji vingine huja misibani kwetu, Mungu awasamehe, nusu kwa ajili ya marehemu na nusu kwa ajili yake.

Na kwa miaka yote hiyo sauti ile ilikuwa ya Makerita. Yeye ndiye dada mkubwa, binti wa ukoo, na kwetu dada si mchezo: akisema jambo kaka huinamisha kichwa, na mke wa kaka hurudi jikoni. Makerita husuka mikeka ya heshima, ile laini kama kitambaa ambayo mmoja hula mwaka mzima. Kila alipotoa mkeka, Etuati aliuinua juu, akauzungusha mbele ya umati, akamgeukia dada yake na kumpandishia nyusi kabla hajatamka neno. Makerita aliishi kwa ajili ya zile nyusi. Mume wake alikufa mapema, watoto wako ng'ambo, Auckland, wanapiga simu Krismasi. Alikuwa na kaka na zile nyusi zake, basi.

Halafu akatokea Lusila na unga wake.

Lusila ni mke wa Etuati, aliolewa kutoka kisiwa cha Upolu miaka kumi na moja iliyopita. Mwanamke mdogo wa umbo, kimya, mwenye kucheka kwa mabega. Mwaka juzi mishelisheli ilizaa mpaka matunda yakatuchosha, yakawa yanadondoka na kuoza chini ya miti, nguruwe wenyewe wakayapita. Lusila akaanza kuyakata vipande, kuyaanika, kuyasaga kwa mashine ya mkono. Unga ukatoka mweupe, mwepesi. Akaukaangia panikeke, yale maandazi yetu ya mviringo, na aliyeonja moja aliomba la pili.

Akaupeleka kwa Petelo, mwenye duka kubwa karibu na gati. Petelo akanusa, akaonja, akasema, "Kitamu. Lakini mama, mimi siweki rafuni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia. Fanya watu wakiulizie. Siku ya kufungua jumba la akina mama nitakuja. Nikiona watu wanaukimbilia, nauchukua wote, na mwingine nautia kwenye feri uende mjini Apia. Nisipoona, tusisumbuane."

Sasa utawafanyaje watu waukimbilie unga, na mfukoni hamna kitu? Kijana mmoja wa Apia mwenye kompyuta alitaka, kwa kuchora mfuko tu, bei ya nguruwe watatu. Redio nayo, usiulize. Lusila akachukua kandambili bovu la mumewe, akachonga soli yake kwa kisu ikawa mhuri wa jani la shelisheli, akauchovya kwenye ile rangi ya kahawia tunayopaka nguo za magome, akagonga mifuko ya karatasi mia mbili kwa mkono wake. Ufungashaji ukaisha. Kuhusu kutangaza, alikuwa na mume.

Habari aliileta Vaosa. Vaosa ni jirani ya Makerita na kazi yake ni hiyo.

"Wifi yako anaula, mama," alisema hata hajaketi vizuri. "Wewe umelala."

"Anaula wapi?"

"Jumamosi, uzinduzini. Mifuko kumi inapelekwa zawadi kwa mchungaji, kisha Etuati anautaja unga kwa jina mbele ya vijiji vitatu na Petelo yupo. Panikeke zinakaangwa nyuma, watu waonje. Mia na tisini iliyobaki iko mezani getini, wewe na hela yako tu. Ana akili yule! Usimwone kimya."

"Etuati ndiye atakayeutangaza? Etuati huyu?"

"Kwani una wangapi?"

Makerita akaendelea kusuka, lakini vidole vilikuwa vimekosea njia, na baadaye alilazimika kufumua kipande chote kile.

Lazima niwaambie habari ya sabuni, la sivyo mtamwona mbaya bure. Miaka mitano kabla ya hapo Makerita alitengeneza sabuni ya nazi. Nzuri, inatoa povu. Akamwendea kaka yake, akamwomba, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, aitaje sabuni ile kidogo tu kwenye harusi ya binti wa mchungaji. Etuati akamshika mkono kwa upole, akamwambia, "Dada, sauti hii ni ya zawadi. Nikianza kupigia debe sabuni, kesho wataniita kwenye mnada. Unielewe." Naye akamwelewa. Tena alimsifu, akajisemea huyu ndiye kaka mwenye heshima zake. Sabuni ilikaa kwenye maboksi mpaka ikafanya nyufa, akaishia kusugulia masufuria.

Kumbe sauti ilikuwa inaweza kupigia debe. Ilikuwa haijampata tu wa kumpigia.

"Kwa hiyo mimi ni mjinga," Makerita alijisemea siku tatu mfululizo, akiwa anafagia, akiwa anasuka, akiwa kanisani kinywa kimefunguliwa kwa wimbo. "Dada ni wa kuambiwa unielewe. Mke ndiye wa kupigiwa debe." Alimwona Lusila akipita na beseni lake la mashelisheli, akamwona mdogo, mweusi wa jua, visigino vimepasuka, na akamchukia kwa kila kitu, mpaka kwa jinsi alivyosalimia kwa adabu. Afadhali angekuwa na kiburi, mtu akapata pa kumshikia.

Ijumaa alasiri ukoo ukakaa kupanga zawadi. Makerita alikaa kwenye nguzo yake ya mbele, maana kwetu kila mwenye cheo ana nguzo yake ya kuegemea, wazee huku na huku, Etuati karibu na mlango, Lusila nyuma na birika la chai. Kupanga zawadi ni kazi ya dada wa ukoo. Yeye ndiye husema nini kinakwenda na kiasi gani. Wakataja nguruwe, wakataja masanduku, wakafika kwenye unga. Makerita akauchukua mfuko mmoja, akaugeuzageuza.

"Hili ni jani au mguu wa kuku?"

Watu wakacheka. Lusila naye akacheka, mabega yakaruka. "Ni jani, wifi. Nilichonga nikiwa na njaa, labda ndiyo maana limeelekea kuku."

Wakacheka zaidi, na safari hii walicheka pamoja naye. Etuati alicheka mpaka akafuta macho. Makerita akauweka mfuko chini.

"Mifuko kumi," akasema. "Mchungaji wetu, jumba jipya, vijiji vitatu vinatutazama, na ukoo huu unatoa mifuko kumi ya unga wa mashelisheli. Mnataka tuzungumzwe? Kama kitu ni chetu na ni kizuri, tutoe. Tutoe yote mia mbili."

Hapo ndipo alipowafunga, na alijua amewafunga. Nani kwetu atasimama mbele ya wazee aseme tupunguze ukarimu? Na nani atambishia dada wa ukoo? Mzee mmoja akaguna, "Maneno ya heshima hayo," na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Etuati akasema polepole, "Dada, ule unga ni kazi ya miezi mitatu."

"Na mkeka wangu mmoja ni kazi ya mwaka. Nimetoa mingapi? Uliwahi kunihesabia miezi?"

Akainamisha kichwa. "Umesema, dada."

Makerita akageuka kumtazama Lusila. Alitaka kuona mdomo ukitetemeka, hata kidogo, hata chozi moja la kuanzia. Lusila aliweka birika chini taratibu.

"Sawa, wifi. Ni heshima kwetu," akasema, akatoka kwenda kuosha vikombe.

Hakulia. Makerita alishinda na hakusikia utamu wowote, isipokuwa alikuwa na hakika ya jambo moja: kesho unga utakuwa mstari mmoja katikati ya masanduku, zawadi ya ukoo basi, na getini hakutakuwa na meza. Petelo atakula nguruwe wake na kurudi zake dukani.

Jumamosi ikafika na jua lake. Jumba la akina mama lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, vijiji vimejaa, Petelo amevaa shati la maua na miwani. Zawadi zikapangwa uani, na ile mifuko mia mbili ya kahawia ikapandishwa ikawa kilima. Etuati akatoka kifua wazi, ameng'aa mafuta, akasimama katikati.

Akatangaza nguruwe. Akatangaza masanduku. Akafika kwenye kilima, akakizunguka mara moja.

"Unga!" akapaza. "Mia mbili! Na si ule mnaopangia foleni mkitukanana! Hiki ni kile kitu kilichowaangukia vichwani mwaka mzima mkakipiga teke. Mashelisheli! Nguruwe wenu wameyakataa, na leo mtayagombania!"

Umati ukaangua kicheko. Petelo akavua miwani.

"Mwenyewe ni nani? Naona mnautazama mlango wa jikoni. Mnadhani ni mke wangu. La! Mke wangu leo hana kitu. Mke wangu amekuja hapa mikono mitupu, mniwie radhi. Zawadi hii yote, kutoka wa kwanza hadi wa mia mbili, inatoka kwa dada yangu. Makerita!"

"Malo!" uwanja ukajibu, yaani hongera. "Malo, Makerita!"

Jamani, nisiseme uongo: kwa pumzi moja au mbili alijisikia kama ameogeshwa maziwa. Jina lake, katika sauti ile, mbele ya vijiji vitatu. Akainua uso kupokea zile nyusi. Etuati alikuwa amekwisha geuka, anatangaza mapipa ya nyama.

Wazee wakagawa zawadi kama kawaida yetu, kila nyumba na fungu lake. Kila familia ikaondoka na mfuko, Petelo akapata mitatu. Kisha panikeke zikaja kwa masinia kutoka nyuma, Lusila alikuwa amekung'uta unga uliobaki kwenye mashine na mabeseni, na watu wakala kama waliotoka kufunga. Mabibi walificha nyingine kwenye vitambaa. Na wote, kila mmoja, walipita mbele ya Makerita kumshika mkono.

"Kumbe ni wewe!" Petelo akaja na kuchuchumaa mbele yake, mafuta yanang'aa kidevuni. "Nami nilidhani ni wa yule mama mdogo, kumbe alitumwa tu kwangu. Nataka mifuko mia tano. Mia tano, mama! Nieleze basi: unaanika siku ngapi? Unakaa muda gani bila kuingia wadudu?"

Makerita akafungua kinywa. Hakujua. Alikuwa amelitazama lile beseni likipita mbele ya mlango wake miezi mitatu kwa chuki, na hakuwahi kuona ndani yake kinafanyika nini.

"Inategemea," akasema.

"Inategemea nini?"

"Jua."

Vaosa, aliyekuwa ameketi karibu, akakohoa kikohozi cha umbea. Makerita akatafuta kwa macho mahali pa kaka yake. Etuati angeliingilia kwa utani, angeliokoa. Mahali pake palikuwa patupu, sahani haijaguswa.

"Yuko wapi Etuati?"

"Nyuma," Vaosa akasema kwa furaha. "Jikoni. Mtangazaji mzima, mbele ya wageni, jikoni!"

Makerita akamwambia Petelo asubiri, akainuka, akazunguka jumba. Akasimama kwenye kona penye moshi. Etuati alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anachochea moto kwa vifuu, majivu yamemrukia magotini. Lusila alikuwa anageuza panikeke za mwisho. Alikuwa anacheka, mabega yote mawili yanaruka.

Laiti angekuwa analia! Kilio Makerita angekiweza. Alikuwa amemchukulia unga, amemchukulia jina, amemchukulia na Petelo, na bado mwanamke yule amekaa na kile kile ambacho Makerita alikuwa anakitafuta.

"Mikono mitupu!" Lusila alisema. "Ndivyo unavyoniuza?"

"Ulitaka niseme nini? Ni dada yangu. Akitaka jina, nitampa jina lote, asiseme nilimbania." Etuati akatupa kifuu motoni. "Lakini nimemaliza, mama. Sitatangaza tena."

"Acha upuuzi wako."

"Sitatangaza. Leo nimesimama mbele ya watu nikamvua nguo mke wangu kwa sauti hii. Nimeichoka."

"Na mikeka ya wifi?"

"Atatafuta mtu."

Alilisema kwa upole, bila hasira, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Makerita alijishika kwenye ukuta. Akageuka, akarudi uani, akapita nguzo yake, akampita Petelo, akaenda kusimama katikati ya uwanja, pale pale anaposimama mtangazaji. Mwanamke wa ukoo, wa umri wake, pale! Watu wakaacha kutafuna.

"Nyamazeni!" akapaza, ingawa walikuwa wamenyamaza. Sauti ikamkatika katikati kama kamba mbovu. Akaanza tena. "Ule unga si wangu. Sijui unaanikwa siku ngapi. Sijui chochote. Mwenyewe ni Lusila, mke wa kaka yangu. Ile mia mbili ilikuwa ya kuuzwa pale getini leo, mimi nikaitoa kwa nguvu kwa sababu, kwa sababu..."

"Kwa sababu ya nini, mama?" Vaosa akauliza kwa sauti tamu.

"Kwa sababu ya wivu, Vaosa, na unajua, maana wewe ndiye uliyenipikia!"

Uwanja ukalipuka. Wazee walikuwa wanapigana mabegani, mchungaji ameuficha uso kwenye kitambaa. Makerita alisimama kwenye kicheko kile uso unawaka, akangoja kipungue.

"Basi anayeutaka unga aende nyuma kwa mwenyewe. Petelo, nyanyuka! Uiname, mlango wa jiko ni mfupi."

Wakaenda. Loo, walikwenda! Petelo mbele, mabibi nyuma yake, wengine na mifuko yao mkononi wakitaka kujua wa pili watapata lini. Jiko la Lusila likazingirwa, na kutoka uani kilichoonekana ni mkono wake mmoja tu juu ya vichwa vya watu, umeshika mwiko.

Etuati akatoka kwenye msongamano, majivu bado magotini. Akasimama mbele ya dada yake.

"Una sauti mbovu, dada."

"Najua."

"Mbovu sana."

"Nimesema najua, Etuati!"

Akamtazama kidogo. Makerita akangoja zile nyusi. Lakini kaka yake alikuwa amekwisha geuza shingo kule jikoni, anatazama ule mkono na mwiko wake, na uso wake ulikuwa umelainika kwa namna ambayo Makerita hakuwahi kuiona. Kisha akampita, akasimama katikati, akavuta pumzi.

"Unga wa mke wangu!" akaita. "Wa Lusila! Alioukata yeye, akauanika yeye, akausaga yeye, na jani akalichonga kwenye kandambili langu mimi!"

Hakukuwa na mbwembwe humo, wala utani. Makerita akarudi kwenye nguzo yake, akakunja miguu, akasikiliza mpaka mwisho. Miaka ishirini kaka yake alikuwa ameitangaza mikeka yake, na yeye alidhani hiyo ndiyo sauti ya Etuati; ya kweli ndiyo kwanza aisikie leo.